Umepata kamera kubwa? Lenzi usizikimbilie

Leo tunaweka uzi na sindano pembeni kidogo tuzungumze kamera. Kina dada wa hapa Unguja na wengine wa Pemba wametuuliza sana: mtu akishahama kutoka kamera ndogo kwenda ile kubwa wanayoiita fulufremu, anunue lenzi gani badala ya zile alizokuwa nazo? Jawabu yetu itawaudhi baadhi ya watu, khasa wanaouza. Tunasema hivi: nunua chache kuliko ulizokuwa nazo, nunua fupi kuliko unavyoshawishiwa, na za zamani usiziuze.

Kwa wasiotujua, sisi ni mtu na wifi yake. Tuna duka la ushoni lenye cherehani nne, na kupiga picha tulianza kwa sababu ya nguo zetu wenyewe. Tulikuwa tunamshonea bi harusi, tunamvisha, halafu dakika ya mwisho tunasikia, "Jamani, hakuna mpiga picha wa kike?" Siku ya kupamba ukumbi mzima ni wanawake, mabaibui yamevuliwa, nywele zimetengenezwa, mwanamme haingii. Basi tukanunua Canon 700D iliyotumika, na lenzi yake ya 18-55. Baadaye tukaongeza 50 f/1.8 na 55-250. Lenzi tatu kwenye mkoba mmoja, tukajiona tumekamilika.

Kilichotufanya tutake kamera kubwa ni picha moja tu. Ilikuwa kupamba ya usiku, ukumbi una taa za zambarau na pinki, mapambo mazuri lakini mwanga hakuna. Bibi yake bi harusi, mzaa mama, aliletwa na kiti mpaka jukwaani. Akamshika mjukuu wake uso kwa mikono miwili, akawa anamwombea dua. Flashi tulikuwa tumeizima, kwa sababu bibi alikuwa ametoka kufanyiwa operesheni ya macho. Lenzi yetu ya 18-55 ukiivuta mpaka 55 tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6, kwa hivyo ilibidi tupandishe ISO mpaka 6400. Picha ikatoka chengachenga, uso wa bibi kama umenyunyiziwa mchanga.

Bibi alifariki kabla ya albamu kukamilika. Mama wa bi harusi akaja dukani na kitambaa chake mkononi, akatuomba tuisafishe ile picha aichapishe kubwa, aitundike. Tulijaribu kila njia, haikusafishika. Hakutulaumu hata neno moja, na hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Sasa tueleze kamera kubwa ni nini hasa, maana wengi wanaitaka bila kujua. Ndani ya kamera kuna kibao kidogo kinachopokea mwanga, kinaitwa sensa (si ile ya kuhesabu watu). Kwenye fulufremu sensa ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kwenye 700D yetu ni 22.3 kwa 14.9. Ukizidisha utaona kubwa inaishinda ndogo kwa eneo mara mbili na nusu na zaidi kidogo. Ni sawa na kuweka sinia badala ya sahani mvua inaponyesha: sinia litakusanya maji mengi zaidi kwa muda ule ule. Ndiyo maana gizani kamera kubwa haitoi chenga nyingi.

Tukacheza mchezo wa kila wiki na wenzetu, zamu yetu ilipofika tukaagiza Canon 6D iliyotumika, ije na boti kutoka Dar. Muuzaji tulimuuliza kwenye simu: lenzi zetu zitaingia? Akajibu bila kufikiri, "Canon ni Canon, zote zinaingia." Tukaridhika. Kosa letu, hatukutafuta mtu wa pili wa kumuuliza.

Kamera ikafika zikiwa zimebaki siku kumi kabla ya harusi tuliyokwisha kupokea advansi yake. Tukatoa 18-55, haikuingia. Tukatoa 55-250, haikuingia. Betri za zamani nazo hazikuingia. Flashi ya kuchomoza juu, ile tuliyoizoea kwenye 700D, haipo kabisa kwenye 6D. Lenzi iliyoingia ni moja, ile 50 ya bei nafuu tuliyokuwa tukiidharau. Tulikaa chini dukani tukatazamana.

Ukweli ni huu, na ungetusaidia kama tungeujua mapema. Lenzi za Canon zilizoandikwa EF-S zimetengenezwa kwa sensa ndogo, na kwenye kamera za EF za fulufremu hazifungi. Utazijua kwa alama: EF-S ina kimraba cheupe pale inapofungwa, EF ina doti nyekundu. Kwa Nikon, lenzi za sensa ndogo zimeandikwa DX. Zenyewe zinaingia kwenye kamera kubwa, lakini kamera inatumia sehemu ya kati tu ya sensa, kwa hivyo umenunua sinia ukaendelea kukinga maji kwa sahani. Lenzi za Sigma za sensa ndogo zina herufi DC, na za kubwa zina DG. Kwa Tamron, ndogo ni Di II, kubwa ni Di. Soma maandishi kwenye lenzi kama unavyosoma lebo ya kitambaa kabla ya kukikata.

Sisi mafundi tungepaswa kulijua hili bila kufundishwa. Ukitoka kwenye cherehani ya nyumbani ukanunua ya kiwandani, sindano zako za zamani haziendi. Za nyumbani zina ubapa upande mmoja wa shina, za kiwandani shina lake ni duara. Ile miguu ya kushonea zipu na kukunja pindo nayo hukai nayo tena. Na hakuna fundi mwenye akili anayekwenda dukani siku ile ile kununua miguu yote kumi. Unanunua mmoja wa kawaida, unashona, kazi yenyewe ndiyo inakwambia sasa nataka wa zipu.

Lakini kwenye kamera tulitaka kuwa wajinga. Tulikwenda kwa muuzaji mwengine, akatuandikia orodha: badala ya 18-55 chukueni 24-70 f/2.8, badala ya 55-250 chukueni 70-200 f/2.8, na badala ya 50 chukueni 85 ya bei kubwa. Tatu kwa tatu. Jumla yake ilizidi thamani ya cherehani zetu zote nne. Na pesa? Akasema kuna mtu anakopesha, mnalipa kidogo kidogo na nyongeza juu. Hiyo nyongeza sote tunaijua jina lake. Wallahi tulibaki na ile orodha siku mbili, tunaitazama, tunaipigia hesabu, tunajipa sababu. Mtu akiwa na haja hakosi sababu.

Aliyetuokoa ni mama, mkwe wa mmoja wetu na mzazi wa mwengine, ambaye hajawahi kushika kamera. Alituuliza tunagombania nini, tukamweleza. Akasema, "Hizo tatu mlizonazo, mnazitumia zote?" Tukanyamaza.

Usiku ule tukafungua kompyuta. Kila picha inabeba ndani yake maelezo ya lenzi iliyoipiga na milimita zilizotumika. Unabonyeza kitufe cha kulia cha mausi, unakwenda kwenye maelezo ya faili, unayaona. Tulichukua harusi tatu za mwisho, si picha zote, zile tu ambazo wenyewe walizichagua kwenye albamu. Dada yangu, fanya hivi kabla hujatoa hata senti moja. Picha walizozichagua wateja ndizo zilizokulipa, nyengine ni za kujifurahisha.

Tuliyoyaona ni haya. Picha za familia nzima jukwaani zilikuwa zimepigwa na 18 au karibu yake. Picha za bi harusi kukaa, kulishwa keki, kusalimiana na wageni zilikuwa kati ya 24 na 55. Picha za uso, zile za hina mkononi na asumini kwenye nywele, karibu zote zilitoka kwenye 50. Na ile 55-250, lenzi ndefu tuliyoinunua kwa furaha, ilikuwa na picha chache mno. Moja katika hizo ndiyo iliyowahi kututia aibu.

Tutaieleza, ingawa hatupendi. Tulisimama nyuma ya ukumbi tukavuta mpaka jukwaani. Bi harusi akatoka vizuri, lakini pembeni yake alikuwamo mgeni, kichwa wazi, anacheka, hana habari kwamba yumo kwenye picha. Sisi tulimtazama bi harusi tu. Picha ikaingia kwenye albamu, albamu ikaenda nyumbani kwa bwana harusi, ikafunuliwa mbele ya mashemeji. Yule dada alikuja kujua. Akatuuliza swali moja tu: "Mliniona lini mkaniomba?" Hatukuwa na la kumjibu, tukamwomba radhi, tukaifuata albamu na kuiondoa.

Kwa hivyo rai yetu, na tunaisimamia hata kama mtatuita washamba: mpiga picha wa shughuli za wanawake asiharakie kununua lenzi ndefu. Lenzi ndefu inachungulia. Inakuwezesha kumpiga mtu ambaye hajakuona, na ukumbini kwetu kila mtu kavua baibui kwa sababu anaamini yuko salama. Lenzi fupi ina adabu. Inakulazimisha uende karibu, uonekane, useme "bibi naomba nikupige", naye ajifunike, au ageuke, au atabasamu. Picha ya mwanamke ni amana, na amana huanza kulindwa kabla ya kubonyeza, si baada ya kuzihifadhi kwenye kompyuta.

Basi tukachagua hivi. Cha kwanza, 50 yetu hatukuiuza. Lakini ilibadilika. Kwenye 700D unaizidisha kwa 1.6, inaona kama 80, kwa hivyo ilikuwa lenzi nzuri ya uso. Kwenye 6D inaona 50 halisi, yaani inaona pana zaidi. Ukitaka uso ujae kama zamani inabidi umsogelee bi harusi sana, na ukisogea sana pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Hakuna bi harusi atakayekulipa kwa hilo. Sasa tunaitumia kwa watu wawili watatu pamoja, mama na mwanawe, bi harusi na somo wake, na pale mwanga unapokuwa mdogo kabisa.

Cha pili, tukanunua 24-105 f/4 iliyotumika. Hiyo ndiyo iliyochukua nafasi ya 18-55, na ikaizidi pande zote mbili. 18 ya zamani ilikuwa inaona kama 29 ya kamera kubwa, na hii inaanza 24, kwa hivyo kwenye vyumba vyembamba vya nyumba za Mji Mkongwe tunaenea sote. Tahadhari moja: kwenye 24 aliyesimama ukingoni wa picha anavutwa, ananenepeshwa bila kosa. Mashangazi waweke katikati.

Cha tatu, miezi baadaye, zamu ya mchezo ilipozunguka tena, tukanunua 85 f/1.8. Hii kwenye 6D inaona karibu sawa na ile 50 ilivyokuwa ikiona kwenye 700D. Mkono uliouzoea unaurudisha. Si nzito, gramu 425, na nyuma ya mtu panafifia vizuri. Ila haifokasi ukiwa karibu chini ya sentimita 85, kwa hivyo hina ya kidoleni haiwezi kuijaza picha. Kwa hina tunarudi kwenye 24-105.

Na 55-250? Hatukununua mbadala wake. Iko kwenye 700D, na 700D iko na wifi siku ya shughuli, imezimwa mkobani, akiba. Harusi hairudiwi. Kamera ikigoma saa nne ya usiku huna pa kukimbilia, maduka yamefungwa. Wanaokwambia uza vyote vya zamani uongezee pesa hawatakuwepo ukumbini siku hiyo. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, nasi tunaongeza: khasa mbachao wenyewe ukiwa bado unaswalika.

Tunajua mtatujibu nini. Mtasema f/4 ni giza, wataalamu wote wanatumia f/2.8. Ni kweli f/2.8 inaingiza mwanga mara mbili ya f/4. Kama unapiga mahali ambapo flashi hairuhusiwi kabisa, na kazi hiyo inakulipa kila wiki, nunua, hatukukatazi. Lakini kwa sisi, flashi inaruhusiwa karibu kila ukumbi, tunaielekeza juu kwenye dari jeupe na mwanga unashuka laini. Pasiporuhusiwa tunatoa 85 au 50, ambazo kwa f/1.8 zinaishinda hata hiyo f/2.8. Na sensa kubwa yenyewe imekwisha kutusogeza mbele. Hiyo 24-70 f/2.8 ya Canon, toleo la pili, ina gramu 805, 24-105 yetu ina 670. Ibebe kuanzia magharibi mpaka saa sita za usiku huku umevaa dera na umefunga utaji, utakuja kutwambia.

Wengine mtasema, mbona mnanunua vilivyotumika? Kwa sababu tunanunua kwa pesa tuliyonayo. Lakini kukagua tunakagua. Kisiwani kwetu adui wa lenzi ni unyevu, unaoota ukungu ndani ya kioo. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kutoka nyuma, uitazame kwa mbele. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, rudisha, hata akikupunguzia nusu bei. Zungusha pete zote, zisikwame wala zisilie mchanga. Ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, fungua tundu lote, piga maandishi ya gazeti, kuza uone kama yanasomeka. Ukishanunua, usiifungie kwenye mkoba wa ngozi uliolowa jasho. Sisi tunaweka kwenye kontena la plastiki la kufunga kwa kubana, pamoja na vile vipakti vya kunyonya unyevu.

Na kwa ambaye bado hajanunua kamera kubwa, tunakupa siri ambayo sisi tuliijua tumeshachelewa: anza na lenzi. Lenzi ya EF yenye doti nyekundu inaingia kwenye 700D bila taabu. Ungenunua 85 leo, ukaitumia kwenye kamera yako ndogo, ikakuingizia chochote, kisha mwakani inshaallah kamera kubwa ikaja ikaikuta inakusubiri. Sisi tulinunua kamera kwanza, tukabaki na kiwiliwili kisicho na macho. Ile harusi ya siku kumi tuliipiga yote kwa 50 moja, tukienda mbele na nyuma kama tunacheza msewe. Alhamdulillah picha zilitoka, na bi harusi mpaka leo anasema ndizo nzuri kuliko zote tulizowahi kupiga. Hapo ndipo tulipopata yakini kwamba ile orodha ya tatu kwa tatu haikuwa haja yetu, ilikuwa haja ya muuzaji.

Mwezi uliopita tuliitwa tena kwenye ile familia ya bibi aliyefariki. Mdogo wake bi harusi anaolewa. Bibi hayupo, lakini shangazi mkubwa wa mama yao alikuwepo, naye akapelekwa jukwaani akaomba dua. Tulikwenda mpaka karibu, tukamwomba ruhusa, akavuta mtandio wake vizuri, akasema "haya". Tukapiga na 85, bila flashi. Mama yao alipoiona kwenye kioo cha kamera hakusema kitu. Alitushika mkono tu.

Wapenzi, hesabuni picha zenu kabla ya kuhesabu lenzi. Mola atujaalie riziki ya halali na macho yenye kuhifadhi. Maswali yenu tunayasubiri, na aliye na lenzi yenye kimraba cheupe asije kutuuliza kama itaingia.